Kusafisha filamu nyeusi na nyeupe Lamu: joto likiharibu kazi, soma negativi kwanza

Kanzu zote zilitoka kama makaa. Ilikuwa rola yangu ya kwanza kusafisha mwenyewe nyumbani, Ilford HP5 Plus niliyoipiga kwenye zefe la Maulidi hapa Lamu. Nilipoiinua kwenye taa niliona nyuso ziko, ngome iko, mashua ziko, lakini kila mwenye kanzu alikuwa doa zito lisilopitisha mwanga. (Kwenye negativi, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, nyeupe hutoka nyeusi.) Kofia za vito nilizozisogelea makusudi, ili ule ushonaji uonekane, hazikuwa na tundu hata moja.

Maelekezo yalisema dakika 13 kwa dawa ya ID-11 iliyozimuliwa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji. Nilihesabu dakika 13 kamili kwa saa ya ukutani. Nisichokisoma ni maneno mawili yaliyofuata: "nyuzi 20". Maji ya bomba langu siku ile yalikuwa nyuzi 29, na kwa hesabu nitakayoieleza hapa chini ni kama niliiacha filamu ile ndani ya dawa kwa zaidi ya nusu saa.

Maelekezo haya yaliandikwa na watu ambao bomba lao hutoa maji ya baridi, na kazi yao ni kuyapasha moto. Sisi wa pwani kazi yetu ni kinyume, na ndiyo maana wengi huanza kwa kuhangaika na barafu ili waifikie ile 20. Mimi nimeacha. Nyuzi 20 si faradhi. Tafuta joto ambalo nyumba yako inaweza kulishika kuanzia dawa ya kwanza hadi suuza ya mwisho, kisha ubadilishe muda na kiwango cha kuzimua. Kwangu ni 24 msimu wa kusi na 26 msimu wa kaskazi. Shida nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kutoshika joto moja, au na kulazimisha joto lisilokaa.

Nikisema "dawa" nina maana ya developa, ile ya kwanza inayotoa picha. Fiksa, ile ya mwisho inayoifanya picha idumu kwenye mwanga, nitaiita fiksa.

Kwanza kabisa: namba za pembeni

Ukitoa filamu mbovu, usikimbilie kulaumu joto. Huenda kosa ni la kamera. Kuna shahidi asiyesema uongo: yale maandishi na namba zilizo pembeni mwa filamu, kando ya matundu. Hizo zilipigwa mwanga kiwandani. Kamera yako haikuzigusa. Kwa hiyo zikitoka vizuri na picha zikawa mbaya, kosa ni la mwanga ulioingia kwenye kamera. Zikitoka vibaya zenyewe, kosa ni la tangini, kile chombo cha kusafishia filamu.

Namba nene, nyeusi tii, zilizovimba kingo kama wino kwenye karatasi ya gazeti: filamu imesafishwa kupita kiasi. Namba za kijivu, za kufifia: haikusafishwa vya kutosha. Namba nzuri lakini picha hakuna kabisa, filamu haikupita kwenye kamera, na hilo hutokea hata kwa wakongwe. Hakuna namba, hakuna picha, filamu nyeupe kama kioo cha dirisha: dawa ilikuwa imekufa, au ulitanguliza fiksa.

Weka kipande cha rola moja iliyotoka vizuri uwe unalinganisha nacho, kwa sababu kila aina ya filamu ina uzito wake wa namba. Changu nimekibandika ukutani juu ya beseni.

Negativi nzito, weupe wote umeziba

Namba za pembeni zimevimba, kanzu na kuta za chokaa hazina kitu ndani, na ukiiskani unapata chembechembe kubwa kama mchanga. Hii ndiyo dalili ya kwanza ya pwani.

Sababu ya kawaida ni kutumia muda wa nyuzi 20 kwenye maji ya bomba. Dawa ni kemia, na kemia huenda mbio ikipata joto. Jedwali la Ilford linatoa mfano huu: dakika 4 kwa nyuzi 20 huwa dakika 3 kwa nyuzi 23, na dakika 6 kwa nyuzi 16. Kwa kichwa, kanuni ninayotumia ni kukata sehemu moja ya kumi ya muda kwa kila uzi mmoja unaopanda, ukikata kutoka kwenye kile kilichobaki, si kutoka kwenye muda wa mwanzo. Hivyo kwa nyuzi 24 muda hubaki kama theluthi mbili, kwa 26 hubaki zaidi kidogo ya nusu, na kwa 28 hubaki kama mbili ya tano na ushei.

Chukua HP5 Plus na ID-11 ya sehemu moja kwa sehemu moja ya maji, dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 inakuwa dakika 8 na nusu. Kwa 26, karibu dakika 7. Kwa 28, dakika 5 na nusu. Hizo ni namba za kuanzia. Piga rola ya majaribio isiyo na harusi ya mtu ndani, uone, kisha usogeze nusu dakika huku au kule.

Kama hesabu uliifanya na bado ni nzito, kishuku kipimajoto. Changu cha kwanza kilikuwa cha jikoni, cha kupimia nyama. Ponda barafu, jaza kikombe, tia maji kidogo tu, koroga, subiri dakika mbili tatu, utumbukize kipimajoto bila kugusa kikombe. Kinatakiwa kisome sifuri. Changu kilisoma 2 chini ya sifuri, maana yake kila niliposema "24" ilikuwa 26. Sikukitupa, nilikiandikia kwa kalamu ya wino, "ongeza 2". Usitumie kile cha kupimia homa: huanzia huko kwenye joto la mwili, na kwenye dawa ya nyuzi 24 hakitakuambia kitu. Kinafaa kwa jambo moja tu, kulinganisha na kipimajoto chako kwenye beseni la maji vuguvugu karibu na 37.

Sababu ya tatu hujificha. Dawa iliingia tangini na nyuzi 23, ukahesabu kwa 23, lakini chumba ni 31 na mikono yako imelishika tangi dakika zote nane. Siku moja niliamua kupima dawa ikitoka: iliingia 23, ikatoka 26. Tangu siku hiyo napima ikiingia na ikitoka, nachukua katikati, na hiyo ndiyo ninayoiandika daftarini. Ikiwa tofauti ni zaidi ya nyuzi 2, namna yako ya kulishika joto haifanyi kazi. Tangi la chuma hupitisha joto la mkono haraka kuliko la plastiki. Lipindue ukilishika kwa kifuniko na ncha za vidole, kisha lirudishe majini.

Kulishika joto: ndoo, chupa na mtungi

Hapa nakaa kidogo maana ndipo penye kazi.

Usitie barafu ndani ya dawa. Ikiyeyuka inaizimua, na hujui kwa kiasi gani. Poza kwa nje. Ndoo au beseni la lita 10, ndani yake chupa za dawa, siki (ya kuikata dawa kabla ya fiksa), fiksa na ya maji ya kusuuzia, zote pamoja, na tangi lenyewe. Vyote vikae majini nusu saa kabla hujaanza, ili vifikie joto moja.

Barafu ni kiasi gani? Kushusha lita 10 kutoka nyuzi 29 hadi 24 kunahitaji barafu ya karibu nusu kilo, ikiyeyuka yote. Hiyo ni chupa moja ya soda ya nusu lita, iliyojazwa hadi mabegani na kugandishwa. (Usiijaze hadi juu, barafu hutanuka na chupa hupasuka.) Kwenda hadi 20 unahitaji karibu kilo nzima, na huo si mwisho, kwa sababu kadiri maji yanavyokuwa ya baridi kuliko chumba ndivyo chumba kinavyoyapasha kwa kasi. Hapo ndipo mtu anapojikuta anatupia chupa ya pili, ya tatu, joto linashuka hadi 18, linapanda hadi 22, na kila rola inatoka na sura yake. Maji ya 24 ndani ya chumba cha 28 hutulia. Ya 20 yanapigana nawe.

Wakati friji ya nyumbani ilikuwa imekufa nilikuwa nanunua barafu kule wanakoshushia samaki. Kijana wa barafu alinitazama mikono mitupu akaniuliza, "Ami, barafu wataka ya nini, na samaki huna?" Nikamwambia ni ya picha. Akacheka, akanipa na nyongeza. Barafu ya samaki haina ubaya ikikaa nje ya chupa. Isiingie tu kwenye chochote kinachogusa filamu.

Na mtungi? Bibi zetu walipoza maji bila stima, na ni kweli mtungi wa udongo hupoza, kwa sababu maji yanayopenya nje yakikauka huondoka na joto. Lakini hewa yetu imejaa unyevu tayari, na haiwezi kukausha sana. Kusi likivuma, mtungi wangu uliowekwa dirishani hunifikisha 24 au 25 bila chembe ya barafu, na hiyo ndiyo sababu nimechagua 24 kwa msimu huo. Mwezi wa Machi, upepo umelala, hukwama 27. Anayekwambia mtungi utakupa 20 Lamu hajaupima.

Chumba nacho kina sehemu yake. Nyumba za zamani za mji huu, za mawe ya matumbawe na chokaa, zina kuta nene, na kile chumba cha ndani kabisa ndicho chenye giza na ndicho kinachobadilika joto polepole. Mwenye nyumba ya mabati aifanye kazi hii alfajiri. Mimi huanza baada ya sala ya asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya kisiwa cha Manda.

Negativi nyepesi, namba zimefifia

Watu hushangaa: kwenye joto hili, filamu itakosaje kusafika? Mara nyingi ni kwa sababu ya dawa ya joto yenyewe, yaani barafu.

Dawa nyingi za kawaida, ID-11 na D-76 zikiwemo, zina vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: metoli na haidrokwinoni. Haidrokwinoni huchukia baridi kuliko mwenzake, na chini ya nyuzi 13 hivi hulala kabisa. Ukiichukua chupa moja kwa moja kutoka kwenye friji, ukaichanganya na maji "yaliyopoa kidogo" na kudhani imefika 20, unaweza kuwa uko 14. Picha zitatoka za kijivu, hazina uhai. Pima ile iliyokwisha kuchanganywa, baada ya kukoroga.

Sababu ya pili ni dawa iliyochoka chupani. Dawa ya unga ya aina ya D-76 ikishakorogwa hutajwa kukaa miezi 6 kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, miezi 2 ikiwa nusu. Chumba cha nyuzi 30 hakijali hesabu hiyo. Mimi huigawa kwenye chupa ndogo za glasi zinazojaa hadi shingoni, kila moja ya rola moja au mbili, na tarehe juu. ID-11 ikigeuka rangi ya chai, imwage. Rodinal, dawa ya aina nyingine, ni jambo jingine: huwa kahawia kama kahawa tungu na bado hufanya kazi, na kwa mtu anayesafisha rola moja kwa miezi miwili kwenye nyumba isiyo na friji, ningemwambia achukue hiyo.

Kabla ya kumwaga chochote, tumbukiza kipande cha mwanzo wa filamu, kile ulichokikata, ndani ya dawa, kwenye mwanga wa kawaida. Kikigeuka cheusi ndani ya dakika chache, dawa ni hai. Kikibaki kijivu, umeokoa rola nzima kwa kipande cha vidole viwili.

Michirizi, mawimbi karibu na matundu, anga lisilo sawa

Ukikata muda sana unaingia kwenye shida hii. Chini ya dakika 5, zile nukta (sekunde) za kumimina na kumwaga huwa sehemu kubwa ya muda wote, na upande wa filamu uliotangulia kulowa huwa mzito kuliko mwenzake. Huonekana zaidi kwenye anga na kwenye matanga. HP5 Plus ndani ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Kwa 28 ingekuwa dakika 3 na robo. Usijaribu.

Suluhisho ni kuzimua zaidi. Sehemu moja ya ID-11 kwa tatu za maji, muda wa HP5 Plus ni dakika 20 kwa nyuzi 20. Kule Ulaya ni muda wa kuchosha. Kwetu kwa 26 inakuwa dakika 10 na nusu, kwa 28 dakika 8 na nusu, muda mzuri kabisa. Na dawa iliyozimuliwa hivyo haipigi weupe kwa ukali, kwa hiyo kanzu zinabaki na mikunjo yake. Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa miezi ya kaskazi. Angalizo moja: kiasi cha dawa halisi kwa kila rola kisiwe kidogo mno. Kwenye tangi dogo la mililita 300, moja kwa tatu inakupa mililita 75 tu. Mimi hutumia tangi la rili mbili (rili ni kile kigurudumu cha kuzungushia filamu), rola moja tu ndani, mililita 600, nikapata 150.

Duara ndogo nyeupe kwenye negativi ni mapovu. Gonga tangi mezani mara mbili baada ya kumimina.

Jelatini imevunjika kama matope makavu

Sijaiona mara nyingi, na filamu za siku hizi ni ngumu kuliko za zamani, lakini mara moja ilinipata. Ukiitazama negativi kwa lenzi unaona utando umejikunja vipande vidogo vidogo, kama matope ya mkondo yaliyopigwa na jua baada ya maji kupwa. Hakuna dawa ya kurekebisha.

Jelatini, ule utando unaobeba picha, ikipata joto huvimba na kulainika. Ukiitoa kwenye dawa ya 29 ukaitumbukiza ghafla kwenye maji ya 12, hujikunja kwa mshtuko. Kumbe tatizo halikuwa ile 29 peke yake, ni mruko. Ilford wanataka maji ya kusuuzia yasiachane na joto la dawa kwa zaidi ya nyuzi 5. Mimi najibana kwenye 2.

Mtego wangu ulikuwa fiksa. Niliikoroga siku ileile kwa haipo ya chenga, ile chumvi ya kutengenezea fiksa, na haipo ikiyeyuka hunyonya joto: maji yalikuwa 28, chupa ikawa baridi mkononi kama imetoka kwenye friji. Sikupima, kwani fiksa nani anaipima? Tangu hapo hukoroga usiku wa kuamkia.

Utando uliolainika pia hukwaruzika kwa kucha tu, na juu ya nyuzi 27 au 28 mimi siufuti maji kwa vidole wala kwa sponji. Usiguse.

Filamu ya maziwa, au fiksa yenye vumbi la njano

Filamu ikitoka na utando wa maziwa au wa zambarau nzito, haijamaliza kwenye fiksa. Irudishe, hata ikiwa umeshawasha taa. Pima fiksa kwa kipande cha filamu mbichi: hesabu nukta hadi kiwe wazi, kisha acha rola yako humo mara mbili ya muda huo. Siku muda wa kipande unapofika mara mbili ya ule wa fiksa mpya, imwage. Joto huisaidia fiksa, kwa hiyo hapa hatuna haja ya kulalamika.

Joto huidhuru ikiwa inakaa chupani. Fiksa yenye asidi ikikaa wiki nyingi chumbani kwa nyuzi 30 na zaidi huanza kuvunjika na kutoa salfa. Utaiona imekuwa nyeupe kama tui, chini kuna vumbi la njano, na harufu si ile ya siku zote. Ukiichuja haitapona. Ihifadhi sakafuni kwenye kona yenye baridi, si juu ya kabati chini ya mabati. Na iliyokwisha kutumika ina fedha ya kwenye filamu ndani yake. Usiimwage karibu na kisima.

Kati ya dawa na fiksa, usiruke siki. Kwenye baridi mtu anaweza kusuuza kwa maji matupu. Kwenye nyuzi 26 dawa iliyonywewa na jelatini inaendelea kula nukta kwa nukta, na siki nyeupe ya dukani iliyozimuliwa, kikombe kimoja kwa vitatu vya maji, huikata papo hapo.

Filamu inakwama kwenye rili

Hii ni joto pia, ingawa watu hulaumu rili. Mikono ndani ya mfuko mweusi wa kupakilia filamu huanza kutoa jasho ndani ya dakika tatu, mfuko unakuwa kama bafu la mvuke, na filamu inanata kwenye rili ya plastiki. Ukilazimisha unapata alama za kidole na mikunjo ya mwezi mwandamo. Acha mfuko. Pakia usiku ndani ya chumba cha ndani, taa zote zimezimwa, nguo chini ya mlango. Rili ikauke kwanza juani hadi ilie kavu mkononi, na kata pembe mbili za mwanzo wa filamu ziwe za mviringo.

Ukiwa umeitoa filamu kwenye friji, iache ndani ya kopo lake saa tatu nne kabla ya kulifungua. Vinginevyo hewa ya Lamu itaitolea jasho kama glasi ya madafu.

Kijivu kila mahali, hata pembeni

Kama sehemu isiyopigwa mwanga, kati ya picha na picha, ni ya kijivu badala ya kuwa wazi, filamu imekula joto kabla hata hujaisafisha. Mfuko uliosahaulika kwenye boti kutwa nzima, kopo dirishani, rola iliyopigwa ikangoja miezi. Nunua chache, zikae kwenye friji, na zikipigwa zisafishwe mapema. Kijivu kidogo huskanika bila shida. Ongeza mwanga wa skana uendelee na maisha.

Madoa na wageni wakati wa kukausha

Maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi na chokaa. Yakikauka juu ya filamu huacha miduara nyeupe, na kwenye joto hukauka haraka kabla hayajatiririka. Suuza yote fanya kwa maji ya kawaida: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, mara 10, mwaga, jaza, mara 20, mwaga. Suuza ya mwisho pekee iwe ya maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa, yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Lita moja inatosha rola mbili. Kwa aliye na uhaba wa maji, suuza za mwanzo zinaweza kuwa za maji ya bahari: chumvi huitoa fiksa upesi kuliko maji matamu. Lakini lazima umalizie kwa maji matamu ya kutosha, la sivyo chumvi itabaki na kuvuta unyevu miaka yote.

Tundika bafuni, mlango umefungwa, baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Uzito chini, kibanio cha nguo chatosha. Usiwashe feni. Funga uzi wa juu kwenye msumari uliopakwa mafuta, kwa sababu jelatini ni chakula, na sisimizi wa nyumba hii wamewahi kunilia anga lote la picha ya tatu hadi ya sita, wakaiacha mashua peke yake.